Kipande Alichokata Rukaya

Uvumi ulimkwama Mama Rukaya kooni kama mwiba wa samaki: eti video ikipunguzwa ndani ya slaidi, kipande kilichokatwa hakifutiki, kinajificha tu.

Na Rukaya alishamtumia mchumba wake slaidi za harusi. Ndani kuna video fupi, anawasalimia wakwe kwa adabu. Kwenye kipande alichokata, anaigiza mama mkwe anavyochechemea.

Sasa mama mkwe yuko mbele ya kompyuta, mkongojo magotini.

"Mbona salamu fupi hivyo?" alimwuliza mwanawe. "Hebu irefushe."

"Mkwe, chai inapoa," alisema Mama Rukaya.

"Acha ipoe. Nataka kumsikia binti yangu mpaka mwisho."

Mchumba akaushika mstari mwekundu unaoonyesha video ilipokatwa, akaanza kuuvuta.

Usidhani kukata ni kufuta.
Usitume slaidi zenyewe; tuma video iliyokwisha kukatwa.
Na usimcheke mkwe, hata chumbani kwako.