Mtu Asiyetupa Karatasi

Godoro lilikuwa limeshapasuliwa, na Mutuku, afisa wa kodi wa serikali, amezamisha mkono ndani yake hadi kwapani, Mzee Kulow alipomwuliza kama chai yake angependa yenye tangawizi.

Nasteha alisimama mlangoni. Babu yake alikuwa ametulia kama mtu anayeshonewa godoro.

Mutuku na mwenzake Wendy walikuwa wametoka Garissa alfajiri, gari likanasa mchangani mara mbili kabla ya kufika kijijini Sangailu. Kuna mtu, walisema, alipiga simu ofisini kwamba mzee huyu ameficha mali ya bitcoin, pesa ya mtandaoni.

Na kweli alikuwa nayo. Kila mwisho wa mwezi, kwa miaka sita, Kulow aliuza mbuzi dume mmoja, pesa zikaingia kwenye simu, akanunua kipande cha bitcoin, bei ipande au ishuke. Hakuwahi kuuza hata chembe. Hiyo ndiyo ilikuwa karo ya Nasteha ya chuo cha uuguzi, na muhula ulikuwa unafungua Septemba.

Benki mzee hakutaka hata kuisikia. Iliwahi kumfungia akaunti miezi tisa kwa sababu jina lake lilifanana na la mtu anayetafutwa. Kabla ya miaka hiyo sita alijaribu kampuni moja ya Nairobi iliyowawekea watu bitcoin zao. Asubuhi moja ikazimika na mali yake ndani. Mali iliyo mfukoni mwa mwenzio, hupenda kusema, yako ni kuiona tu. Tangu hapo aliiweka mwenyewe, chini ya maneno kumi na mawili ya Kiingereza aliyopewa na simu siku ya kwanza. Anayeyajua kwa mpangilio wake ndiye mwenye mali, hata simu ikitumbukia kisimani. Yakisahaulika, mali imekwenda.

Na Kulow alikuwa ameanza kusahau. Mwezi uliopita alitia chumvi kwenye chai mara mbili, akamwita Nasteha kwa jina la marehemu mamake. Nasteha akamsihi ayaandike yale maneno. Mzee akakataa katakata. Karatasi mchwa hula, moto hula, na ndugu hula kuliko wote.

"Nitafutie mtu asiyetupa karatasi," alimwambia, "nitaandika siku hiyo hiyo."

Sasa Wendy aliirudisha simu mezani. Ilikuwa tupu, imefutwa kila kitu. Mutuku akajikung'uta pamba na kuuliza maneno yako wapi.

Kulow akajigonga paji la uso. "Humu. Pasua kama ulivyopasua godoro."

Mutuku alicheka bila kutaka. Akaeleza kwamba hawezi kurudi mikono mitupu. Sheria inamtaka aorodheshe mali yote aliyoiona. Akaandika sufuria tatu, paneli moja ya sola, na godoro moja bovu. Nasteha akamwambia lilikuwa zima walipokuja. Mutuku akajifanya hakusikia, akaandika: ngamia kumi na wawili.

Mzee akamshika mkono. Kwetu ngamia hahesabiwi kama mifuko ya saruji, alisema; kumhesabu ni kumwalika fisi. Ngamia huitwa jina. Mutuku akatazama saa. Kulow akamkumbusha, kwa upole, kwamba gari lao litahitaji watu wa kulisukuma.

Basi wakaenda zizini. Kulow aliwataja kwa mstari wanaoshika wakienda kunywa maji: Doctor, Ticket, Pilot, Guitar. Wendy akacheka, ngamia gani hawa wa kizungu. Nasteha akaona haya. Akasema babu yake aliendesha lori miaka ishirini, na siku moja aliamka tu akawapa wote majina mapya. Mpaka leo kijiji kinamcheka.

Wa saba alikuwa ndama, Radio. Mutuku akataka kumwandika mwisho, kwa udogo wake.

"Radio ni wa saba," Kulow alisema. "Mamake alikufa na ukame. Huyu amerithi jina na nafasi."

Mbele ya ngamia wa kumi na moja mzee akakwama. Akasugua pua. Jasho likamtoka. Wendy akageuza uso pembeni.

"Hotel," akasema hatimaye.

Mutuku akagonga mihuri nakala tatu: moja ya mzee, moja ya Garissa, moja ya Nairobi. Kulow akataka kujua zitakaa muda gani.

"Serikali haitupi karatasi, mzee. Pale ofisini kuna faili za wakati wa mkoloni."

"Hata nikifa?"

"Hasa ukifa."

Gari likasukumwa, likaondoka. Nasteha akajitupa juu ya lile godoro na kuanza kuwahesabu maadui wote wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Babu yake akamwekea simu mapajani, na nakala juu yake.

"Fungua upya, uiandikie majina haya," alisema. "Anzia Doctor."

Nasteha akaandika mpaka Radio, wa saba. Akaandika Hotel, akaandika la mwisho, na miaka sita ya mbuzi ikajitokeza kwenye kioo, haikupungua hata kwato.

"Awowe," alimwita babu yake, "lakini ni nani aliyekuchongea?"

Kulow alikuwa ameinama akiokota pamba.

"Watu wa ofisi ile ni wavivu, wallahi," alisema. "Nimewapigia simu mara tatu ndio wakakuja."