Duara Lililobaki Tupu

Daktari alimuuliza kaka kama nyumbani kuna mwingine aliyewahi kuugua saratani ya utumbo.

"Hakuna," kaka akajibu haraka. "Kwetu ni tumbo tu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, mkoba wake begani. Wote waliougua hilo tumbo niliwauguza mimi.

"Mama, tumbo, alikufa na miaka arobaini na mmoja," nikasema. "Mama mdogo, tumbo, thelathini na nane. Mjomba naye alitoa damu chooni, kama kaka."

"We! Mbona unatuanika?"

Daktari hakumjali. Alichora ukoo wetu, maduara ya wanawake na miraba ya wanaume, kila niliyemtaja akimpaka wino mweusi. Kisha akanisogezea kalamu.

"Malizia wewe, dada. Hii inarithiwa, na wewe umeiona kabla yetu."

Mimi niliishia darasa la saba. Nikaandika umri wa kila mmoja polepole, wino usije ukachafua karatasi.

Likabaki duara moja tupu, chini ya mama, pembeni ya kaka.

"Na huyu?" daktari akauliza.

Nikaandika umri wangu, ishirini na tatu, nikakunja mkono wa gauni ili nitolewe damu ya kupimwa.

Kaka akainuka, akanipisha kiti.