Jina la Nakiete

Nakiete alikuwa ameshavuka mto, kapu kichwani, na mumewe Mbonea akimfuata nyuma. Alikuwa na miaka mia moja na minne, uso wa binti wa thelathini, kwa sababu ya vidonge vya majani na mafuta ya kupaka ambayo siku hizi kila mtu hupewa. Hakuna anayezeeka. Ila ukoo wao humpa mtoto jina la marehemu tu, na kitukuu wao, msichana wa miaka tisa, mpaka shuleni aliitwa Katoto.

"Rudi, mama watoto. Jina nitabuni mimi."

"Wewe? Hata mbwa ulishindwa kumpa jina."

"Basi, kama lazima ufe umwachie jina, zeekea nyumbani."

"Unisagie vidonge kwenye uji, kama juzi?"

 Mbonea akampokea kapu, akamsindikiza hadi kwenye kibanda cha shamba la mlimani.

Nakiete aliota mvi, akakunjamana vizuri, akafariki mwaka wa sita. Katoto sasa ndiye Nakiete, na ni mwalimu. Mbonea angali kijana. Wadogo wawili wa kiume wa Nakiete huyu bado hawana majina, na kila asubuhi humtazama babu yao mkuu Mbonea akijipaka yale mafuta.