Mkono wa Siwema

Siwema aliingia kwa mshauri akiwa amefunga kilemba hadi kwenye nyusi. Alikuwa na mazoea ya kung'oa nywele zake mwenyewe, na utosini palikuwa pameshabaki ngozi tupu.

"Mama anasema nimerogwa," alisema. "Mawifi wanasema najitakia."

Bi Kidawa, mshauri, hakubisha. "Kabla mkono haujapanda kichwani, mwanangu, huwa kumetokea nini?"

Watu wote walikuwa wakimwambia Siwema aache, lakini hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Huwa nimesemwa na mawifi, nami nikanyamaza," alijibu. "Nikiingia chumbani mkono unapanda wenyewe. Nikishang'oa, moyo unatulia kidogo. Kisha naona haya, nang'oa tena."

"Na sasa hivi?"

Hapo ndipo alipogundua kwamba vidole vyake vya mkono wa kulia vimeshapenya chini ya kilemba na kushika unywele. Alishtuka, akataka kuvichomoa.

"Taratibu," alisema Bi Kidawa. "Niambie kwanza neno ulilolinyamazia."

Siwema alianza kulitamka, akaishia njiani. Akajaribu tena.

"Mwanangu hakufa kwa uzembe wangu."

Alilisema kwa sauti ndogo, kisha akalirudia kwa nguvu hadi waliokuwa wakisubiri nje wakasikia.

Vidole vikaachia. Mkono ukashuka polepole, ukatua juu ya meza kati yao wawili, kiganja kikiwa wazi.