Maskini Mwenye Hati

“Mwenye mshahara si maskini, Mama. Hilo halihitaji darasa,” alisema Mhasibu wa shule, akaisukuma fomu namba nne mpaka ukingoni mwa meza.

Matroni akairudisha katikati. “Mshahara wenyewe unakatwa kodi kabla hajauona. Wewe ungemsomesha mwanao kwa kinachobaki?”

“Anayekatwa ana kitu cha kukatwa.”

Walikuwa wameanza saa mbili asubuhi, na sasa ilikuwa saa nne kasoro. Nafasi ya kusoma bila ada ilibaki moja, na waombaji walibaki wawili: namba nne na namba saba. Wote walikuwa nje wakisubiri, kila mmoja na kadi yake ya namba. Majina yao na kazi zao zilikuwa kwenye bahasha zilizofungwa, ndani ya kabati, ufunguo mfukoni mwa Mwalimu Mkuu. Utaratibu huo aliuweka yeye, baada ya nafasi ya mwaka juzi kumwangukia mtoto wa shemeji yake na watu kusema sana. Tangu hapo hakuna jina, hakuna kazi, hakuna kujuana. Kuna fomu na hati ya kodi ya mapato, basi. Aliyelipa kodi kidogo kuliko wote ndiye maskini kuliko wote. Mwalimu Mkuu aliupenda utaratibu huo kwa sababu haukumtaka afikiri.

Barua ya atakayekosa ilikuwa imeshachapwa: mtoto achukue sanduku na godoro lake leo hii, arudi ada itakapokamilika. Matroni ndiye aliyekuwa akiwafungulia watoto wa namna hiyo mlango wa bweni. Mwaka huu alishaufungua mara tisa.

“Namba nne ana binti kidato cha tatu,” alisema. “Ameandika kwamba ameshafukuzwa ada mara mbili muhula huu. Na itazame karatasi yenyewe, ina alama ya kidole chenye grisi. Huyu mtu anafanya kazi.”

“Sawa, anafanya kazi. Sasa soma hapa.” Mhasibu akaweka kalamu juu ya mstari. “‘Je, unatumia gari?’ Amejibu: ‘Ndiyo, kila siku, tangu alfajiri.’ Mimi na diploma yangu natembea kwa miguu, yeye yumo garini kutwa.”

“Gari la nani?”

“Fomu haiulizi la nani.”

“Basi fomu ni ya kijinga.”

“Matroni,” Mwalimu Mkuu alionya, maana fomu aliitunga yeye.

Mhasibu akaichukua fomu namba saba kwa mikono miwili, kama anayepokea kitoto kichanga, akaisoma taratibu, sauti imelegea kwa huruma. Mshahara: sina. Nyumba: sina, ninapolala si pangu. Shamba: sina. Unatumia gari: sina gari. Unaishi kwa kutegemea nini: mikopo. Kodi ya mapato, mwaka mzima: sifuri. Muhuri wa ofisi ya kodi ulikuwa pale chini, mviringo, umekolea vizuri.

“Mikopo,” alirudia. “Mtu anakula kwa kukopa, Mama. Hata usingizi anaupata kweli?”

Matroni alikuwa amelea watoto wanne na mume mmoja mgonjwa. Umaskini hakusimuliwa na mtu.

“Mimi nimekopa,” alisema. “Ukiwa huna kitu, hukopeshwi mara mbili. Dukani tu wanakuuliza utalipa na nini. Huyu anakopeshwa na nani mwaka mzima?”

“Watu wenye roho nzuri.”

“Nipe anwani yao.”

Uani injini ya gari ilikuwa ikinguruma tangu walipoanza kikao. Mwalimu Mkuu akanyanyuka, akalivuta dirisha kwa nguvu. “Nani huyo anachoma mafuta bure? Watu wengine hawana adabu.” Akarudi kitini, akapanga karatasi zake, japo zilikuwa zimepangika.

“Tumalize. Hati ni hati. Ofisi ya kodi imepekua maisha ya hawa watu kuliko tunavyoweza sisi. Namba nne amelipa miezi kumi na miwili, hakuruka hata mmoja. Namba saba hajalipa kitu. Mnataka ushahidi gani zaidi?”

“Nataka kumwona,” alisema Matroni.

“Ukimwona utampendelea. Ndiyo maana ya utaratibu.” Akakohoa. “Wanaosema namba saba.”

Mhasibu akanyoosha mkono. Mwalimu Mkuu akanyoosha wake.

“Namba nne.”

Matroni akanyoosha mkono peke yake, akauacha juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Muhuri wa shule ukagongwa mara mbili, kwenye barua ya nafasi na kwenye barua ya sanduku na godoro. Mhasibu akapuliza wino ukauke, akamkabidhi Matroni zote mbili.

“Huyo namba saba mpokee vizuri,” alimwambia. “Watu kama hao wamezoea kudharauliwa.”

Matroni akatoka barazani. Kwa sauti ileile inayoamsha bweni zima, akawaita: namba nne na namba saba waje wachukue barua zao.

Uani, injini ikazimwa. Namba nne alishuka upande wa usukani, kadi yake mkononi, akazunguka nyuma ya gari kumfungulia mlango namba saba.