Sinia la Mchinjaji

Siku ya tisa tangu binti yake, Mwanaidi, alazwe hospitalini, Kombo mchinjaji aliingia chumba cha daktari na sinia lililofunikwa gazeti. Kila siku alikuwa ameuliza mtoto anaumwa nini. Kila siku daktari alimmiminia Kiingereza, kisha akamalizia: "Tunaendelea kumwangalia, mzee."

Kauli hiyo ilimtia kichefuchefu kuliko uvundo wowote wa machinjioni.

Alifunua gazeti. Maini ya mbuzi, figo, bandama, mapafu, moyo, vyote vya asubuhi hiyo, vikichuruzika damu.

Daktari akaziba pua. "Mzee, uchafu gani huu?"

"Uchafu ni hayo maneno yako," Kombo alisema. "Mimi hivi vyote navijua, hata gizani nikivishika. Nionyeshe tu. Mwanangu kimeharibika kipi?"

Nzi akatua kwenye bandama. Daktari akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya maini, juu ya figo, kikasimama juu ya moyo.

Kombo aliuinua kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku. Bado ulikuwa na uvuguvugu.