Ubao wa Murunga

Byron alianguka kwa mara ya tatu, tena mahali ambapo maji hayakufika hata magotini, na hakuna aliyecheka.

Ubao wa tanga aliokuwa akijaribu kuupanda haukuwa wake. Ulikuwa wa rafiki yake Murunga, ambaye bwawa hili la nje ya Yamumbi lilikuwa limemmeza tangu Jumapili. Ubao ulipatikana ukielea na tanga lake. Murunga mwenyewe hakuonekana.

Mama yake, Namalwa, alisimama ukingoni, leso kiunoni. Ilikuwa Alhamisi. Wazee wa ukoo walikuwa wamemwambia kwamba mwili usipopatikana kufikia Jumamosi, watazika mgomba kwa jina la kijana, kama ilivyofanywa kwao tangu zamani. Namalwa alikataa. Alikuwa amezaa mtoto, si mgomba, na aliwaambia hivyo mbele ya pasta bila kuona haya.

Ndipo akamtuma mtu mtaa wa Pioneer kumwita Byron.

"Upande hiyo kitu mtoto wangu alikuwa anapanda," alimwambia. "Nione vile upepo ya hapa inabeba mtu. Pengine tutajua ilimpeleka wapi."

"Mama, mimi hata sijawahi kanyaga hii kitu. Jumapili nilikuwa kwa nyumba, nimelala."

"Najua. Jaribu tu. Wapiga mbizi wako hapa."

Nani atamwambia mama mfiwa hapana? Byron alivua viatu.

Ubao wenyewe ulikuwa mpya na wa ajabu. Chini yake ulitoka mguu mrefu wa chuma wenye mabawa mawili, kama kindege kilichochomekwa kwenye mti. Kocha mmoja Mzungu alimwachia Murunga, akamwahidi kazi ya kufunza watalii kule Naivasha akishaujua. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Wapiga mbizi wawili walikaa karibu na kamba zao. Siku nne walikuwa wamepapasa tope bila kupata kitu, na bwawa lilikuwa pana. Ooko, mkubwa wao, alikuwa ameshamwambia Namalwa kwamba kesho ndiyo mwisho wao.

Saa tisa upepo ukashuka kutoka upande wa mashamba ya ngano. Maji yakabadilika rangi, yakawa meusi. Byron akaparamia ubao mara ya nne, akashika tanga, akasukumwa hadi kwenye kina. Ubao ulianza kupiga mawimbi, kofi baada ya kofi, na Namalwa akajikuta ameshika kifua. Kisha makofi yakakatika ghafla.

Ubao ulikuwa umeinuka. Ulipaa juu ya maji kiasi cha goti, ule mguu wa chuma tu ukikata maji, na Byron juu yake akienda kasi bila sauti yoyote. Kitu kikubwa hivyo hakikupaswa kwenda kimya hivyo.

Akakata huku, akakata kule, hadi mahali ng'ombe hunywa maji, hadi chini ya mikaratusi, akigeuka kila mara kabla ya matete ya upande wa ukuta wa bwawa. Woga ulikuwa umemtoka. Alikuwa anatabasamu, na Namalwa alimchukia kwa tabasamu hilo. Hata hivyo hakumwondolea macho hata kidogo, na wapiga mbizi walipomletea kiti alikisukuma kando.

Byron aliporudi alikuwa anahema kwa furaha, kisha akakumbuka alipo na kuinamisha kichwa.

"Inakuanga aje?" Namalwa aliuliza. "Nataka kujua mtoto wangu alisikia nini."

"Ikiinuka, Mama, kelele yote inaisha. Unaona ni kama umebaki peke yako duniani. Lakini lazima uweke uzito kwa mguu ya mbele, pole pole. Ukikosea kidogo, inakutupa." Alinyoosha kidole. "Na upepo inasukuma kila kitu ng'ambo, pale ng'ombe zinakunywa maji. Huko ndio watafute."

"Asante, mwanangu." Namalwa alifungua leso yake, akampa ajifute. "Murunga alianguka siku kumi na moja kabla hiyo kitu imwinue. Nilikuwa namletea chai hapa, namwona."

Byron aliacha kujifuta.

Lakini Namalwa alikuwa ameshamgeukia Ooko, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Wachaneni na ng'ambo. Ingieni hapo kwa matete. Dam yote huyu amezunguka, ni hapo tu amekataa kupita."